Bustani ya Bwana Tumeelewa

Mume wa dada yangu ana masikio mawili mazima, mapana kama vifuniko vya sufuria, na sijaona mtu aliyepewa masikio bure namna ile. Ukianza kumweleza jambo, atakuachia maneno manne au matano yapite, kisha atanyoosha kiganja mbele ya uso wako na kusema, "Tumeelewa." Hasemi nimeelewa. Ni tumeelewa, kana kwamba ndani ya lile tumbo wamo wengine saba wanaomsaidia kuelewa. Mtaa mzima humwita Bwana Tumeelewa, naye hulipokea jina hilo kama cheo.

Na vyeo anavyo vya kumwaga. Ni mwenyekiti wa mtaa, mwenyekiti wa kamati ya wazazi shuleni, mwenyekiti wa kamati ya maji, mwenyekiti wa kamati ya takataka. Mgeni atadhani anapendwa. Wapi! Anachaguliwa kwa sababu mikutano yake huisha upesi. Jua likiwa kali na tumbo likiwa tupu, mtu anayemkata kila msemaji huonekana kiongozi bora. Hata mimi nimempigia kura, kwa sababu nilikuwa nimeacha nguo za watu mezani na nilitaka kurudi kazini.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu kimeshikana na duka lake, na kati yetu hakuna ukuta, kuna pazia tu, kwa hiyo hakuna linalosemwa upande wa pili nisilolisikia. Wapo wanaosema nina tabia ya kusikiliza ya watu. Waseme. Katika nyumba ile ilibidi awepo mtu mmoja wa kusikiliza.

Duka lenyewe lina pande mbili. Upande wa kulia ni wa dada: madaftari, kalamu, sabuni, mikate, sindano, na chupa kubwa ya peremende ambayo watoto wa shule wanaijua kuliko wanavyojua hesabu za kuzidisha. Upande huo ndio uliolisha nyumba, ukasomesha watoto, ukaezeka paa. Upande wa kushoto ni wake yeye, na una kitu kimoja tu: kabati la kioo lenye taa ndani, pakiti za sigara zimepangwa humo kwa rangi. Aliletewa na wakala wa kampuni ya sigara, akapigwa picha amelikumbatia. Taa ya kabati lile haizimwi. Balbu ya jikoni kwa dada ikiungua, dada huambiwa avute subira. Balbu ya kabati ikipepesa kidogo tu, fundi umeme anatafutwa kabla ya chai. Kila asubuhi analifuta kioo kwa kitambaa laini, kipande cha bitana alichoniomba mimi, akipuliza na kusugua, akipuliza na kusugua. Watoto wake watano wamekua, na sijawahi kumwona akimfuta hata mmoja makamasi.

Tena yeye mwenyewe havuti. "Mimi moshi siujui hata ladha yake," husema akijipiga kifua, kana kwamba anayechimba shimo njiani kwa watu anastahili nishani kwa kuwa hajatumbukia.

Ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na duka, palikuwa na lango la shule, na mbele ya lango kiwanja kitupu ambapo wazazi walisimama kungoja watoto. Shule ile ina wadogo wanaolia wakiachwa na wakubwa waliokwisha ota ndevu. Wadogo walikwenda kwa dada. Wakubwa walizungukia ubavuni mwa duka, kwenye kidirisha chenye upana wa kitabu, wakapenyeza mkono wenye sarafu, na mkono ukatoka na sigara moja. Shemeji yangu alikaa ndani, macho kwenye gazeti, akipokea na kutoa bila kuinua kichwa. Siku moja dada alimwambia kuwa wale ni watoto. Akajibu neno ambalo sitalisahau hata nikizeeka na kusahau jina langu.

"Mimi siuzii watoto. Nauzia mikono. Mkono ukiingia dirishani hauna umri."

Wala hakuwa anatania. Alilisema kwa majivuno, akalirudia kwa wateja wake, na wateja wakacheka, kwa kuwa mtu anayekukopesha sigara lazima umchekee.

Kitindamimba wao ni fundi rangi. Huyo nimemlea mimi, miguuni pa cherehani yangu, dada akiwa kaunta. Ndiyo kwanza anajifunza kusimama alipoishika pasi yangu ikiwa ya moto, ikamwachia kovu mgongoni mwa mkono wa kulia, kovu lenye ncha kama pasi yenyewe. Mtaa mzima unalijua kovu hilo. Leo ni mwanamume mzima, ana mke wake, na akipanda ngazi na kopo la rangi lazima asimame katikati akohoe, kile kikohozi kinachotoka mbali na kuchelewa kufika. Dada akianza, "Baba, huyu mtoto anakohoa kwa sababu..." kiganja kinanyooshwa. "Vumbi la rangi. Tumeelewa." Miaka nenda miaka rudi dada ameianza sentensi hiyo, na mimi nyuma ya pazia sikuwahi kuisikia ikifika mwisho.

Kwa hiyo ugomvi wa nyumba ile ulikuwa mmoja. Dada alitaka lile kabati litoke, mumewe alitaka libaki. Mengine yote, chumvi imezidi, paa linavuja, ni huo huo ugomvi uliovaa nguo nyingine.

Ndipo akaja afisa wa biashara wa manispaa, mwanamume mwembamba mwenye sauti ya taratibu, wale watu wanaosoma kila neno kwa kuwa wameambiwa wasome kila neno. Mkutano ulifanyika darasani, watu wazima tumebanwa kwenye madawati ya watoto, magoti yametugusa kidevu. Bwana Tumeelewa alikalia kiti cha mwalimu. Afisa akasimama, akakohoa kidogo, akaanza:

"Kuanzia mwaka ujao, hakuna duka litakaloruhusiwa kuuza sigara wala tumbaku ya aina yoyote likiwa ndani ya mita mia tatu kutoka lango la shule..."

"Tumeelewa!"

Afisa akainua macho. "Naomba nimalizie, mwenyekiti."

"Afisa, hapa hakuna mtoto. Lango la shule, mita mia tatu, kwisha. Watu wana kazi zao. Mkutano umefungwa."

Watu wakapiga makofi, si kwa sheria, kwa kufungwa kwa mkutano. Ile nakala ya sheria aliyopewa alijipepea nayo mpaka nyumbani, jasho likimtoka, kwa maana alikuwa amesikia sehemu iliyomchoma. Kutoka lango la shule mpaka kabati lake hata mtoto mchanga angeweza kurusha jiwe likafika.

Dada hakuondoka na wengine. Alimfuata afisa nje, akamkuta anafunga mkoba wake kwenye pikipiki. Nilikuwa naye.

"Mwanangu," akamwambia, "uliishia kwenye shule. Baada ya shule kuna nini?"

Afisa alionekana kama mtu aliyesalimiwa kwa lugha ya kwao akiwa ugenini. Akaufungua tena mkoba, akasoma taratibu, "...kutoka lango la shule, au kutoka bustani, au kiwanja cha kuchezea watoto."

"Ahsante, mwanangu. Safari njema."

Jioni ile ile, shemeji yangu akila, nilimsikia dada akisema, "Baba, ile sheria haikuishia kwenye shule. Kuna na..."

"Tumeelewa, mama. Mambo ya sheria niachie mimi."

Basi dada akamwachia. Mnasema dada yangu ni mpole? Watu humwita mpole kwa kuwa hawajapata kumsikia akimaliza.

Shemeji alikaa siku kadhaa amenuna, akilitazama kabati kama mtu anayemtazama mgonjwa. Kisha asubuhi moja nikamsikia anacheka peke yake. Alikuja mpaka kwenye pazia, akachungulia, maana jambo kama hilo hawezi kulikalia bila shahidi.

"Shemeji," akasema, "wajinga wote wa mji huu sasa hivi wanatafuta pa kuhamishia maduka. Lakini kama duka liko karibu na lango, basi lango nalo liko karibu na duka. Sasa kwa nini duka ndilo lihame?"

Nilikuwa na pini midomoni. Nilimshukuru Mungu kwa zile pini.

Ikaitishwa kamati ya wazazi, mwenyekiti ni yeye yule. Akatuhutubia juu ya usalama wa watoto mpaka nikatamani kulia. Barabara hii ina magari mengi, alisema. Vumbi lake linaharibu vifua vya malaika wetu. Ndiyo, alilitaja neno vifua, bila aibu, mbele ya mama wa mtoto anayekohoa. Lango lihamie upande wa pili wa shule, kwenye njia tulivu, na yeye binafsi angesimamia kazi. Mwalimu mkuu, mzee aliyechoka ambaye kwa miaka hajapewa hata chaki bila kuomba, alikuwa tayari kulihamisha lango hata juu ya paa mradi kuna wa kusimamia. Akauliza swali moja tu.

"Na kile kiwanja mbele ya lango la sasa, kitakuwa cha nini?"

Hapa ndipo mtu mwenye akili ya kawaida angesema, kibaki kilivyo. Lakini shemeji yangu akipigiwa makofi huwa hawezi kushuka jukwaani kabla hajaongeza jambo. Alitazama dirishani, akaona kiwanja, akavimba.

"Pawe bustani!" akasema. "Nyasi, mabenchi, mabembea. Manispaa ina fungu la bustani, nimesikia. Watoto wa mtaa huu wacheze kama watoto wa wakubwa!"

Makofi yakalipuka. Kina mama wakapiga vigelegele. Katikati ya kelele hizo dada akasimama, mkono juu.

"Mwenyekiti, ile sheria ya sigara inataja na..."

Kiganja kikanyooshwa. "Tumeelewa, mama. Mambo ya maua tutawaachia nyinyi akina mama."

Ukumbi mzima ukacheka. Dada akakaa. Nilimwangalia usoni nikitarajia kuona machozi, na sikuyaona. Alikuwa anamtazama mumewe kwa utulivu, kama unavyomtazama mtu aliyekataa kushikwa mkono akavuka mwenyewe.

Lango likajengwa upande wa pili, la chuma, na juu yake jina la mwenyekiti kwa herufi kubwa kuliko jina la shule. La zamani likazibwa kwa matofali. Afisa wa manispaa akaja na kile kifaa chake chenye gurudumu, akalisukuma kutoka lango jipya, akazunguka kona, akapita uchochoro, mpaka mlangoni kwa shemeji. Akatazama kipimo. Umbali ulizidi mita mia tatu, si kwa mengi, lakini ulizidi.

"Kwa upande wa shule uko sawa," afisa akasema. "Ila ujue kwamba pale bustani itakapo..."

"Tumeelewa, afisa! Jua kali hili, kunywa soda." Akamtia chupa baridi mkononi. Afisa aliitazama chupa, akamtazama dada, akanywa. Na mimi ningekuwa yeye ningekunywa. Mtu umemwambia, umerudia kumwambia, ukimwambia tena unakuwa mjinga mwenzake.

Unadhani baada ya lango kuhama wanafunzi waliacha kuja dirishani? Wakubwa walizunguka kupitia uchochoro ule ule aliopita afisa na gurudumu lake. Mguu wa mvulana anayetaka sigara haujui mita. Waliopotea ni wadogo. Hakuna mama atakayemvusha mtoto wa darasa la kwanza uchochoroni kwa ajili ya peremende moja. Upande wa kulia wa duka ukapoa. Mikate ikalala. Na kazi zangu za sare zikapungua, kwa kuwa mzazi alikuwa akimfuata mtoto langoni, ananiona, anakumbuka kuwa suruali imechanika. Sasa haoni chochote ila matofali.

Dada alivumilia kidogo, kisha akachukua meza ndogo, akaibeba kichwani, chupa ya peremende kwapani, akaenda kukaa kwenye lango jipya. Shemeji alimpigia kelele barabarani. Mke wa mwenyekiti kukaa juani na peremende! Watu watasema nini? Dada hakugeuka. Kwa mara ya kwanza yeye ndiye aliyeondoka kabla mwenzake hajamaliza, na mimi nilifurahi mpaka nikashona mfuko kinyume.

Bustani nayo ikaja kweli, jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Fungu lilikuwapo, ombi lenye jina la mwenyekiti lilikuwapo, na manispaa mara moja katika maisha yake ikafanya inachosema. Zikapandwa nyasi, yakawekwa mabenchi, yakasimamishwa mabembea uso kwa uso na kabati la kioo. Kazi ya kupaka mabembea rangi alipewa mpwa wangu. Nilimwona kupitia mlango wangu akipaka nguzo nyekundu, akisimama, akishika nguzo ile ile mbichi kukohoa, akirudia kuipaka pale alipoacha alama ya kiganja.

Kwa ajili ya uzinduzi shemeji alitaka suti. Nilimwambia avue shati nimpime. Nilifika mabegani, kabla sijateremka tumboni akanyoosha kiganja. "Tumeelewa, shemeji. Vipimo vyangu unavijua." Ninavijua, ndiyo, vya harusi ya binti yake mkubwa. Nikakata kwa vipimo hivyo. Sisi mafundi tuna msemo wetu: mteja asiyesimama apimwe, avae alichokitaka. Asubuhi ya uzinduzi koti lilimkaa vizuri mabegani, ila vifungo na matundu vilikuwa vinatazamana kama watu walionuniana. Akatoka hivyo hivyo, akisema ni mtindo.

Mtaa mzima ulikuwapo. Watoto walikuwa tayari wameyavamia mabembea hata kabla utepe haujakatwa. Mpwa wangu alisimama pembeni na ndoo zake. Bwana Tumeelewa akapewa kipaza sauti kwanza, kwa kuwa nani angethubutu kumpa wa pili. Akaongea muda mrefu, maana katika mikutano yote msemaji mmoja tu ndiye asiyekatwa.

"Bustani hii," akamalizia, mkono juu ya tumbo kushikilia koti, "msiitafutie baba mwingine. Wazo ni langu. Ombi ni langu. Kila mtoto atakayecheza hapa ajue kuwa ni mimi!"

Makofi. Kisha akainuka afisa wa manispaa, yule yule mwembamba. Alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili, na mwanzoni sikuelewa kwa nini.

"Kwa kuwa sasa bustani imefunguliwa rasmi," akasoma, "nakumbusha sheria. Hakuna duka litakaloruhusiwa kuuza sigara wala tumbaku likiwa ndani ya mita mia tatu kutoka lango la shule..."

"Tumeelewa!" shemeji akasema kutoka kitini. Lakini sauti yake ilikuwa ya mdomo mtupu, na ya afisa ilikuwa ya spika mbili. Nikaelewa mikono miwili ilikuwa ya nini.

"...au kutoka bustani," afisa akaendelea bila haraka, "au kiwanja cha kuchezea watoto. Duka lililoko mbele yetu linapewa hadi mwisho wa mwezi kuondoa bidhaa hizo zote. Tunamshukuru sana mwenyekiti kwa wazo lake."

Kisha mtu mmoja nyuma akacheka, halafu wawili, halafu kicheko kikaenea mpaka kwa watoto waliokuwa hawajui kinachochekwa. Nilicheka na mimi, sikatai, nilicheka mpaka mbavu zikauma. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini huyu alichimba, akapanda nyasi, akaweka na mabembea. Alinyoosha kiganja kuwanyamazisha watu, koti likafunguka, kifungo kikaruka. Wa kumtii hakuwapo.

Aliingia dukani kabla sherehe haijaisha. Dada alikuwa amemtangulia, anapanga mikate kama siku yoyote. Mimi nilikwisha kaa kwenye cherehani. Shemeji alilivua lile koti, akalirusha juu ya pazia likaniangukia mezani, na sikuambiwa nifanye nini nalo, kwa hiyo nikaanza kufumua mishono ya ubavuni nilipanue. Taa ya kabati ilikuwa inawaka, pakiti zimepangwa kwa rangi.

"Ulijua!" nikamsikia akifoka. "Ulijua habari ya bustani! Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia siku ile ile ya mkutano, ukiwa unakula," dada akasema. "Nilikuambia mbele za watu, ukawachekesha. Afisa alikuambia hapo ulipo, ukampa soda."

"Ulianza!" Alikuwa anapiga kaunta kwa ngumi. "Wewe kazi yako kuanza! Kila siku unaanza tu! Hata mara moja hujamaliza!"

Nimesikia mengi nyuma ya pazia lile, lakini hilo lilinifanya niache kufumua. Nikalisogeza pazia kidogo. Mtu anaweza kuwa mjinga mpaka ukatamani kumwona sura.

Dada aliweka mkate chini. "Ni kweli," akasema. "Sijamaliza. Basi leo kaa nimalizie."

Akanyoosha kiganja. Yaani hata hapo, mtaa mzima umemcheka, kabati lake limehukumiwa, akanyoosha kiganja. Dada akakishika kile kiganja, akakishusha taratibu mpaka juu ya kaunta, akaweka mkono wake juu yake na kukikandamiza.

"Huyu mtoto anakohoa kwa sababu alianza kuvuta akiwa na sare ya shule. Hakuanzia kwa mafundi rangi. Hakuanzia kwa marafiki wa mjini. Alianzia pale." Akaonyesha kidirisha kwa kidevu. "Wenzake walimtania kuwa hawezi, babake atamjua. Akaingiza mkono pamoja na mikono yao. Ukapokea sarafu yake, ukampa. Akaja kesho yake. Akaja na kesho kutwa. Ameniambia mwenyewe, na nimekuwa nikikuambia tangu siku hiyo, hunipi nafasi. Angeweza kutumia mkono wa kushoto, Baba. Alikuwa anautoa wa kulia, wenye kovu, makusudi. Kila siku alikuwa anangoja uinue macho."

Mimi ndiye niliyemlea mtoto yule, na pasi ni yangu, na sikuwa nikilijua hilo. Kicheko chote nilichocheka bustanini nikakijutia. Nilimtazama shemeji kwa chuki ambayo sioni haya kuitaja, na hata chuki haikupata pa kushika, kwa sababu mtu aliyekuwa amekaa pale hakuwa mwenyekiti wa chochote. Alikuwa anakitazama kidirisha. Nadhani alikuwa anajaribu kuikumbuka ile mikono, na hakuwa na hata mmoja wa kukumbuka.

Dada alizunguka kaunta, akazima taa ya kabati. Sikujua kuwa swichi yake inatoa mlio, kwa kuwa sikuwahi kuisikia ikizimwa.

Nje, kwenye bustani, mpwa wangu alikuwa anakusanya makopo yake ya rangi. Kikohozi kikamshika. Kilichelewa kufika kama kawaida yake, kisha kikafika, kikavuka barabara na kuingia dukani.

Bwana Tumeelewa akafungua mdomo. "Vumbi la..." akasema.

Tulimngoja amalizie, dada mbele yake na mimi nyuma ya pazia, koti lake magotini mwangu. Hakuna aliyemkata.